Mkono Uliobaki Ndani ya Chotara

"—injini ikikaa katikati, Odilo, ni kama mama aliyembana mtoto mgongoni vizuri, ageuke kulia, ageuke kushoto, mtoto hatikisiki, kwa hiyo—"

"Mgongoni! Mgongoni ni nyuma, Digna, sasa hapo si unaisifia injini ya nyuma mwen—"

"Niache nimalize!"

"—yewe, na hujui!"

"Ninachosema ni uzito. Uzito ukiwa katikati—"

"Uzito, uzito! Mhehe akishiba mbwa lazima aongelee uzito."

Waliokuwa wamesimama karibu wakaangua kicheko. Wauza vitunguu wa Ruaha Mbuyuni walikuwa wameacha magunia yao na kuja kuwasikiliza, kama walivyokuja kila Jumamosi, maana Digna Kihwele na Odilo Komba wakigombana hakuna redio inayofikia. Yeye Mhehe, yule Mngoni, watani tangu babu zao walipotwangana mikuki wakachoka wote. Mtani hakasiriki. Hiyo ndiyo sheria, na siku hiyo Digna alikuwa ameishika kwa meno.

"Malizia basi," Odilo akasema, akijifuta machozi ya kicheko. Alikuwa fundi, mfupi, mwenye mikono mikubwa kuliko mwili wake, na magari yote matatu yaliyopangwa barabarani yalikuwa yake. "Ila mwisho wa maneno yako yote, Chotara litakupiga. Linakupiga kila wiki."

"Halinipigi. Kinanipiga kile kilichomo ndani."

Hapo gari la tatu kwenye mstari, la rangi ya fedha, likawasha taa zake za mbele na kusema kwa sauti ya Digna mwenyewe, ya miaka minne iliyopita, sauti isiyojua kuchoka:

"Mwambie Mngoni aache kelele apande. Panya wake watapoa."

Watu wakacheka zaidi ya mwanzo. Odilo akacheka mpaka akashika magoti.

Digna hakucheka. Mzaha ule ulikuwa wake. Aliutunga yeye.

*

Tangu malori yahamie relini na magari mengine yote ya nchi yaanze kujiendesha, kushika usukani kwa mkono wako lilikuwa kosa, kama kuwinda tembo. Palibaki kipande kimoja tu, barabara ya zamani ya Mlima Kitonga, ile inayopanda imejikunja kama utumbo wa mbuzi kutoka Ruaha Mbuyuni mpaka karibu na Ilula. Chini wanauza vitunguu, juu wanauza nyanya. Wapenda usukani waliita njia hiyo "vitunguu mpaka nyanya", na ukimwambia mtu umeikamilisha siku hiyo alikuangalia kwa adabu.

Nasra Mfaume, mtangazaji wa klabu, alirusha kamera yake ikaelea juu ya vichwa kama nzi aliyeshiba.

"Wapenzi watazamaji, leo ndiyo leo! Njano pale ni Nyigu, injini katikati. Jekundu ni Beberu, injini nyuma kabisa, inaning'inia kama fuko la soko. Na la fedha ni Chotara, mota mbili za umeme zinavuta mbele, injini ndogo ya petroli inasukuma nyuma. Digna anapanda na Nyigu, anashuka na Beberu. Chotara..." akameza mate kidogo, "Chotara linaendeshwa na Digna."

"Linaendeshwa na kivuli," Digna akasema.

"Ndiyo. Kivuli cha Digna."

Miaka minne iliyopita Digna alivaa glavu zenye nyuzi, akaendesha Chotara msimu mzima, na gari likamnywa. Lilimnywa jinsi anavyobana usukani kabla ya kona, jinsi kisigino chake kinavyoigusa breki, jinsi anavyovuta pumzi. Likanywa na mdomo wake pia, maana Digna haendeshi kimya. Msimu ulipoisha akaenda kwa dada yake Mafinga kupumzika, akateleza bafuni kwenye sabuni, kiwiko cha mkono wa kushoto kikapondeka. Bafuni! Mpaka leo watu wanamwomba aseme ilikuwa ajali ya gari, wanaona aibu kwa niaba yake. Kiwiko kilipona kama mlango uliofungwa vibaya, unafunguka lakini si mpaka mwisho.

Mkono wake mzuri ukabaki mahali pamoja tu duniani, ndani ya Chotara. Na aliyekaa pembeni yake kila Jumamosi alikuwa Odilo.

*

Nyigu liliupanda mlima vizuri, hakuna wa kukataa. Injini ilikuwa imekaa nyuma ya kiti na mbele ya magurudumu ya nyuma, ikimpigia Digna kelele sikioni kama mke mwenza. Gari la namna hiyo halisubiri. Ukifikiria kushoto, limeshafika kushoto. Pua inaingia kwenye kona kama sindano, kwa sababu uzito wote uko mahali pamoja na hauna cha kubishana nacho.

Tatizo la Nyigu ni kwamba likiteleza halikutumii ujumbe. Linashika, linashika, linashika, halafu limeondoka. Hapo unahitaji mkono mwepesi wa kulirudisha, kufumba na kufumbua. Mkono ambao Nyigu liliutaka, Digna alikuwa nao zamani. Sasa kila kona aliacha nafasi ya woga, kipande kidogo cha lami ambacho hakukitumia, na vipande hivyo vilijumlishana nyuma yake.

Redio ya klabu ilikuwa wazi kwa wote. Kwa hiyo alisikia.

"Kulia ya jiwe, inabana!" Odilo alikuwa akiimba. Hakuwa akisema, alikuwa akiimba, kwa sauti yake ile ya kwaya ya Peramiho. Msomaji wa kona kazi yake ni kumwambia dereva kinachokuja kabla hakijaonekana, na Odilo peke yake nchi nzima ndiye aliyeziimba kona. "Kushoto ndeeefu, usiogopeee... kisha ya lori lililolala, achia, achia, haya kanyaga!"

"Nimeiona, mla panya. We kaza mkanda."

"Nimekaza mpaka sipumui!"

"Ndiyo vizuri, hewa yenyewe unaimaliza kwa kuimba."

Na kicheko. Kicheko cha Odilo, na kicheko cha Digna, cha Digna yule, kikipandana kama zamani.

Digna akabana usukani mpaka kiwiko kikalia. Kuna wivu wa kumwona mwenzio ana kitu usichokuwa nacho, huo watu wanaujua, unamwomba Mungu, unapita. Huu ulikuwa mwingine. Alikuwa akimwonea wivu mtu aliyevaa jina lake, anayetumia mizaha yake, na kupendwa kwa sababu zake. Hata kumsengenya hakuweza. Angemsengenya kwa nani, na angeanzia wapi?

Kwenye kona iliyofuata, Chotara likampita. Halikuvuma. Mota za mbele zikalivuta pua, injini ikalisukuma mkia, likapita nje yake kwenye changarawe ambako mtu mwenye akili hapiti, kwa ujasiri ambao Digna aliutambua kwa uchungu, maana njia ile aliigundua yeye.

*

Juu, kwenye nyanya, Odilo alikuwa ameketi kwenye boneti ya Chotara anakula nyanya kwa chumvi.

"Ulimwimbia," Digna akasema.

"Nani?"

"Usinifanye mtoto. Ulimwimbia kona."

"Sasa nisimwimbie? Si wewe yule?"

"Mimi niko hapa, Odilo."

Odilo akaacha kutafuna. Kwa mara ya kwanza siku hiyo uso wake ukakosa mzaha wa kuuvaa.

"Wewe hukuniita," akasema. "Tangu mkono uumie hukuniita hata siku moja. Nilikaa gereji na kofia yangu ya kukaa pembeni nimeishika, kama bwana harusi aliyekimbiwa. Huyu aliniita. Nilipomwasha tu akasema, mla panya, mbona umechelewa."

"Ningekuita nikuonyeshe nini? Ninavyoogopa?"

"Ungeniita tu."

Nasra akaja kati yao, kamera ameizima. "Jamani samahani. Digna, unajua leo jua likizama kivuli chako kinakomaa kisheria. Baada ya hapo si chako tena. Ukitaka kuuchukua mkono wako, yaani kukizima kivuli, ni kabla ya jua kuzama, kama hutaki basi unakwenda."

Alijua. Alijua na unakokwenda. Serikali iliutaka mkono ule kwa magari ya wagonjwa ya milimani, Makete, Ludewa, kule ambako magari ya kujiendesha yakiona tope yanasimama katikati ya njia na kuomba radhi kwa sauti ya upole huku mama mjamzito analia nyuma. Walipima vivuli vyote nchini. Kilichofaulu ni kimoja. Dereva wa kawaida angekaa, kivuli kingeshika usukani, na mama angefika.

"Watu wa Ludewa," Nasra akasema polepole, "hawana habari na kiwiko chako."

"Najua."

"Na mkono ukishazimwa haurudi."

"Najua, Nasra! Kwani mimi mjinga?"

Akaingia ndani ya Beberu, ambalo vijana wa klabu walikuwa wamelipandisha mapema, akabamiza mlango.

*

Hakuna gari linalosemwa vibaya kama lenye injini nyuma. Pua nyepesi, mkia mzito. Unashuka mlima, unaingia kwenye kona, unaona umeingia kwa kasi, roho inakwambia ondoa mguu kwenye mafuta. Ukiondoa tu, uzito unahama mbele, mkia unabaki hauna wa kuushika, unazunguka kuja kukusalimia dirishani. Wengi wameisoma Kitonga wakiitazama kinyumenyume. Beberu halimtaki mwoga, ndivyo wanavyosema.

Digna alikuwa ameishi na Beberu peke yake, siku za katikati ya wiki, wakati hakuna watazamaji. Alilichagua kwa sababu hakuna aliyelitaka, na sababu hiyo ilimtosha. Mwanzoni lilimdhalilisha. Kiwiko hakikuweza kuuwahi mkia ukishaanza safari, kwa hiyo ilimbidi ajifunze kuuzuia usiondoke. Breki mapema, kwenye mnyoofu, ukiwa bado na akili. Usukani mara moja tu, bila kubadili mawazo. Halafu mguu kwenye mafuta, laini, kama unayemkanyaga mtu usiyetaka aamke, na mguu huo hauondoki hata ukimwona shetani. Hapo uzito ule ule unaotukanwa unakaa juu ya matairi ya nyuma, unayakandamiza kwenye lami, na kona inapofunguka unakurusha kama jiwe kwenye manati.

Ujuzi huo wala haukuwa wa mkono wake wa zamani. Digna wa zamani alizoea kuondoa mguu. Aliweza, kwa kuwa kosa lolote mkono ungelirekebisha, na Chotara likivutwa na mota za mbele lilimsamehe mengine.

Kwenye kona ya lori lililolala palikuwa na changarawe mpya, kilima kilikuwa kimebomoka kidogo baada ya wao kupanda. Digna aliiona imetanda nusu ya barabara. Moyo ukamwambia achia. Mguu ukakataa. Mkia ukatikisika, ukafikiria, ukakaa. Beberu likakohoa likapita, na korongo lililokuwa upande wake wa kushoto likabaki kuwa mandhari tu.

Hakuna aliyemwimbia. Alijiimbia mwenyewe, kimya kimya, na alipojisikia akagundua anaiga sauti ya Odilo.

Alipofika kwenye vitunguu, Chotara lilikuwa limeshafika. Si kwa mbali, tofauti ya chafya. Lakini limefika.

"Digna! Digna! Digna!" watu walikuwa wakishangilia.

Akashuka. Walikuwa wamempa mgongo. Walikuwa wakilishangilia Chotara.

*

"Nauchukua mkono wangu," Digna akasema.

Hakupaza sauti, lakini kelele zikafa moja moja. Nasra akamtazama, kisha akalitazama jua lililokuwa bado limesimama juu ya mgongo wa mlima, halina haraka.

"Digna, dada yangu, ngoja kwanza—"

"Nikingoja jua litazama, na si wangu tena. Fungua mlango."

Alikuwa ameshayasikia yote moyoni kabla hawajayasema. Kwamba anawanyima wagonjwa kwa sababu ya uchungu wake. Kwamba kitu kinachocheka si cha kuzimwa kama taa. Kwamba kilichomo ndani ya Chotara ni yeye, na kwamba si yeye, na yote mawili yalikuwa kweli na hakuna hata moja lililomsaidia. Alijua tu kwamba hawezi tena kuamka Jumamosi akawa mgeni kwenye sherehe yake.

Akaketi kwenye kiti cha Chotara. Kiti kikamkumbuka, kikajibana kwenye mbavu zake sawasawa. Hilo nalo lilimuudhi.

Sheria ilikuwa rahisi, viganja viwili juu ya usukani na neno moja. Akainua mikono. Na hapo, mbele ya gari, Odilo Komba akajitupa chini akalala chali barabarani, mikono ameikunja kifuani.

"Maiti haitoki!" akapiga kelele. "Haitoki hapa! Mimi mtani wa marehemu, nipewe changu kwanza!"

Wauza vitunguu wakashangilia. Kila aliyewahi kwenda msibani aliujua mchezo huo. Mtani analala njiani, jeneza halipiti, wafiwa wanalia na kucheka kwa pamoja mpaka wamlipe anachodai. Mmoja akamrushia kitunguu tumboni. Mwingine akasema mpeni panya atoke.

"Odilo, ondoka," Digna akasema dirishani.

"Mtani haondoki, anaondolewa."

"Haya dai. Unataka nini? Utasema nisimzime. Sema!"

Odilo akafungua mdomo. Ukabaki wazi. Hakuna kilichotoka, wala mzaha wala ombi, na kidevu chake kikaanza kucheza kama cha mtoto aliyepotelewa sokoni. Kicheko cha watu kikapungua, kikawa mguno. Akageuza uso pembeni, akajifanya kitunguu ndicho kimemwingia machoni.

Nasra akakohoa. Kabla ya kuzimwa, kivuli lazima kiulizwe. Ilikuwa ni desturi tu. Vivuli vyote vilivyowahi kuulizwa vilijibu mambo ya gari, upepo umepungua tairi la nyuma, maji ya kioo yamekwisha, basi.

"Kivuli cha Digna Kihwele," Nasra akasema, "mwenyewe amekuja kuchukua mkono wake. Una neno?"

Feni ya betri ikazunguka, ikanyamaza.

"Ninalo," kikasema.

Digna akaganda, viganja hewani.

"Nimekusikia ukishuka na Beberu. Magari yenu yananiambia kila kitu, hata yakiwa yamenuna. Kwenye lori lililolala palikuwa na changarawe, na wewe hukuachia mafuta." Sauti ilikuwa ile ile, lakini mzaha ulikuwa umetoka ndani yake. "Mimi ningeachia. Umelitoa wapi lile?"

Digna akavishusha viganja mapajani.

"Maana mimi sina. Nimetafuta kwangu kote. Wanataka kunipeleka Ludewa, kwenye magari ya wagonjwa. Nimeonyeshwa michoro yake. Kitanda nyuma, mitungi nyuma, betri nyuma, uzito wote uko kwenye mkia, kama Beberu. Mimi nimefundishwa humu, linapovutwa mbele. Nyuma sikujui. Kona ya kwanza yenye changarawe nitafanya kile ulichonifundisha miaka minne iliyopita. Nitaachia mafuta, na mkia utakuja na mama wa watu."

"Hakuna aliyeliona hilo," Nasra akanong'ona, hajui anamwambia nani.

"Unizime, sawa," kikaendelea. "Mkono ni wako. Lakini nimekaa humu nikikusikiliza wiki baada ya wiki, unapanda, unashuka, unashindwa na mimi kidogo tu, na kila wiki unajua kitu ambacho mimi sikijui. Na watu wananishangilia mimi. Inauma, Digna. Sikujua kama mimi ni wa kuumwa."

Digna akaitambua sauti ile. Haikuwa ya miaka minne iliyopita. Ilikuwa ya leo hii, ya ndani ya Nyigu, usukani umebanwa, redio iko wazi.

"Unataka nini?" akauliza.

Mlimani, jua lilikuwa limeanza kuugusa mgongo.

"Nitoe humu, uniweke ndani ya Beberu, kiti cha pembeni. Wewe endesha, nijifunze mguu wako. Tupande mpaka kwenye nyanya tushuke. Jua litatuzamia njiani na hutaweza tena kunizima, hilo nalijua, sikudanganyi." Feni ya betri ikazunguka tena. "Naomba nikuimbie kona. Na huyo Mngoni aliyelala barabarani, tafadhali, mwambieni ainuke anifundishe wimbo."